Juu ya nini Yaya hakutaka kurudia biro



Leo nataka kuwaeleza kosa moja nililofanya kwa simu, na historia ambayo nililazimika kuisoma ili nijue namna ya kuomba msamaha.

Niko na dada mkubwa, mtoto wa baba mukubwa. Sisi wote tunamwita Yaya. Aliondoka Kongo na familia yake, wakapita mu kambi ya wakimbizi miaka mingi, mwisho wakapokelewa Marekani. Kule akarudia masomo, akapata kazi ya biro: anashughulikia fakture za kampuni moja. Mwaka 2020, korona ilipofika, wafanyakazi waliambiwa wabebe ordinatere zao na kufanyia kazi nyumbani. Yaya akafanya kazi kwenye meza ya jikoni karibu miaka tatu. Kazi ilienda vizuri, hata akasifiwa. Kisha, mwaka 2023, wakubwa wakaandika barua: kila mtu arudi ku biro, siku tano kwa juma.

Usiku ule Yaya alinipigia simu. Sauti ilikuwa chini. Akaniambia anafikiri kuacha kazi.

Mimi, mwenye diplome na bila kazi (tunajuana humu), nikachemka. Nikamwambia: «Yaya, huku watu wanatembea na diplome mu bahasha miaka tano, hata staji hawapati. Weye banakupa kiti, unakikataa? Ule ni uvivu.»

Akanyamaza kidogo. Nikafikiri simu imekatika. Kisha akasema: «Siko muvivu. Hapa nyumbani ninafanya kazi mingi kupita kule. Kule njo ninachoka mbele ya kuanza.»

Akanieleza. Watu kumshika nywele bila kuuliza, kama vile wanashika kitambaa sokoni. Watu watatu, siku tofauti, kumwuliza kama ni yeye anasafisha choo cha ghorofa ile. Jina lake kukatwa nusu juu eti ni gumu. Akisema kwa sauti ya kawaida ya kwetu, wanamwambia asikasirike. Akitoa wazo mu mkutano linapita kimya, nusu saa baadaye mwingine analirudilia na kupigiwa makofi. «Mu ile miaka tatu,» akasema, «hakuna mutu alinishika kichwa. Sikujua kama nilikuwa nabeba muzigo mpaka siku niliutua.»

Simu ikaisha vibaya. Mimi ni mtu wa historia, nilisoma historia, na nikaona haya. Nilikuwa nimehukumu bila kufungua hata karatasi moja. Kwa hiyo nikaanza kutafuta: je, ni Yaya peke yake? Na hii biro ya Marekani ilijengwa namna gani, kusudi mtu mweusi aiogope hivi?

Jambo la kwanza nililopata ni kwamba Yaya hayuko peke yake. Mwaka 2021 kikundi cha utafiti kilichoanzishwa na kampuni ya Slack, kinachoitwa Future Forum, kiliuliza wafanyakazi wa biro kama wanataka kurudi kufanya kazi ku biro siku zote. Kule Marekani, kati ya Wazungu 100, 21 walisema ndiyo. Kati ya Weusi 100, walikuwa 3 tu. Ni kweli Slack inauza programu za kufanya kazi watu wakiwa mbalimbali, na muuza kitanda hatakuambia ulale chini. Lakini muuza kitanda aliwauliza Wazungu na Weusi swali moja. Kwa nini majibu yakaachana mbali hivyo? Mapenzi ya nyumba hayatoshi kueleza. Wazungu nao wanapenda nyumba zao.

Ili kuelewa, nilirudi nyuma zaidi ya miaka 100.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mu Washington, kazi ya serikali (sisi tungesema kazi ya Leta) ilikuwa moja ya milango michache ambamo Mwamerika Mweusi aliyesoma aliweza kupita. Kulikuwa makarani Weusi ku posta na ku wizara ya fedha, na wengine walikaa mu chumba kimoja na Wazungu. Haikuwa paradiso, lakini mtu alifanya mtihani, akapata cheo, akasomesha watoto.

Mwezi wa tatu 1913 Woodrow Wilson akawa rais. Wengi wanamkumbuka kama mtu wa amani, yule wa Umoja wa Mataifa wa kwanza. Lakini miezi michache tu baada ya kuingia, mawaziri wake, hasa Albert Burleson wa posta na William McAdoo wa fedha, waliacha makarani Weusi watengwe na wenzao. Vyoo vikagawanywa. Meza za kulia zikagawanywa. Mahali pengine wakaweka pazia na mbao za kukinga, kusudi Mzungu asimwone Mweusi akifanya kazi. W.E.B. Du Bois, msomi mkubwa Mweusi ambaye mwaka 1912 alikuwa amemwunga mkono Wilson, alimwandikia barua ya wazi mu gazeti lake. Mule alieleza habari ya karani mmoja ambaye kazi yake haikuruhusu ahamishwe chumba. Wakamjengea kizimba pale pale alipokaa, kumtenga na wenzake aliofanya nao kazi miaka mingi.

Someni tena, wandugu. Kizimba. Mu biro ya serikali. Kwa mtu aliyejua kazi yake.

Mwaka uliofuata, 1914, ikaamriwa kwamba mwenye kuomba kazi ya serikali atume na picha yake. Mtihani uliweza kuficha rangi, picha haifichi kitu. Mwezi wa 11 mwaka ule, mwandishi William Monroe Trotter alienda na ujumbe wa Weusi mpaka kwa rais kulalamika. Wilson aliwajibu kwamba utengano ule ulikuwa kwa faida yao. Trotter akabishana naye uso kwa uso, na rais akakasirikia namna yake ya kusema, akamaliza mazungumzo.

Pale nikamkumbuka Yaya: «Wananiambia nisikasirike.» Kumbe hata ile ina historia. Mtu anaumizwa, halafu anahukumiwa kwa sauti ya kilio chake.

Tuendelee. Mwaka 1941, wakati wa vita kuu ya pili, kiongozi wa wafanyakazi A. Philip Randolph alitishia kuleta maelfu ya Weusi kuandamana mu Washington. Rais Roosevelt akaogopa aibu, akatia sahihi agizo namba 8802, lililokataza ubaguzi mu viwanda vya vita na mu kazi za serikali. Kwa mlango ule, kuanzia 1943, wanawake Weusi waliosoma hesabu waliingia ku kituo cha utafiti wa ndege cha Langley, mu Virginia. Wengi wetu tulisikia majina yao kwa njia ya filamu: Dorothy Vaughan, Katherine Johnson. Walipewa chumba chao mbali, na choo chao. Ku mahali pa kulia kulikuwa meza yenye kibao kilichosema kwamba ni ya wanahesabu wa rangi. Mmoja wao, Miriam Mann, akakitoa kile kibao akakitia mu mkoba. Wakaweka kingine. Akakitoa tena. Ikawa vile mpaka siku moja hawakuweka kingine.

Napenda sana hii hadithi, lakini inanisikitisha pia. Mwanamke mwenye akili ya kuhesabu njia ya ndege, ilibidi atumie sehemu ya akili ile kufikiri juu ya kibao cha meza. Mzungu aliyekaa meza ya pembeni alikula chakula chake tu. Wote wawili walirudi ku kazi saa moja, lakini mmoja wao alikuwa amekwisha kufanya kazi ya pili, isiyolipwa.

Mwaka 1964 sheria ya haki za raia ikakataza ubaguzi wa rangi mu kazi. Mapazia yakatoka. Lakini kuna vitu sheria haikuona haraka. Renee Rogers, mwanamke Mweusi aliyekuwa mfanyakazi wa American Airlines, alisuka nywele misuko ya kulala, ile dada zetu wanasuka kila juma. Kampuni ikakataza. Akaenda mahakamani, na mwaka 1981 mahakama ya New York ikaona kampuni ina haki, juu msuko si kitu cha kuzaliwa nacho, mtu anaweza kuufumua. Ilibidi kungoja mpaka 2019 ndipo California ikawa jimbo la kwanza kuandika sheria inayosema wazi kwamba kumbagua mtu juu ya nywele zake za asili ni ubaguzi wa rangi. 2019! Wengi mnaosoma hapa mlikuwa tayari ku secondaire ao mmeimaliza.

Sasa turudi ku 2020. Wazo la kufanyia kazi ya biro mbali na biro lilikuwa la zamani. Jack Nilles, injinia kule California, alilipa jina lake mwaka 1973, na yeye alifikiria msongamano wa magari na mafuta, hakufikiria rangi. Wakubwa wengi walikataa kwa sababu walitaka kumwona mfanyakazi kwa macho. Korona ikafanya kwa juma moja kile walichokataa miaka zaidi ya 40. Na mu mwaka ule ule, tarehe 25 mwezi wa tano, George Floyd akauawa na polisi mu Minneapolis, dunia nzima ikaona. Weusi wengi waliona kifo kile wakiwa nyumbani, karibu na watu wao. Waliweza kufunga ordinatere na kulia. Yaya alinieleza baadaye kwamba kesho yake hakuna aliyemlazimisha kutabasamu mu ascenseur.

Lakini tusidanganyane, na hapa naongea na sisi wenye diplome. Kufanyia kazi nyumbani haikuwa neema ya Weusi wote. Kwa hesabu za serikali ya Marekani za mbele ya korona, kati ya wafanyakazi Wazungu 100, karibu 30 waliweza kufanyia kazi nyumbani. Kati ya Weusi hawakufika 20. Wengine walikuwa wanaendesha basi, wanaosha wagonjwa, wanapanga bidhaa mu maduka. Virusi viliwakuta pale. Mama mdogo wa Yaya alikuwa mmoja wao: anatunza wazee, na mzee hageuzwi kitandani kwa njia ya ordinatere. Kwa hiyo tukisema «Weusi hawataki kurudi ku biro», tukumbuke tunaongea juu ya wale waliokuwa na biro.

Na kuna hatari nyingine. Mu 1913 Mweusi aliwekwa nyuma ya pazia kusudi asionekane. Leo akijiweka mwenyewe nyuma ya kioo cha ordinatere, anapumua, ni kweli. Lakini vyeo vinagawanywa wapi? Mu kile chumba alichokikimbia. Wakubwa wakikaa pamoja siku tano, watakumbuka sura wanazoziona. Hili Yaya analijua kuliko mimi. Hakudanganyika kwamba nyumba itamfungulia milango. Alikuwa tu anapima: kuchoka huku, ao kusahauliwa kule.

Nikiwa nasoma haya yote, nikamkumbuka babu yetu, wa Yaya na wangu. Miaka ya 1950 alikuwa karani mu Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mnajua mji ule ulivyokatwa: mji wa Wazungu upande wake, cité upande wake, na kati yao nafasi tupu. Asubuhi Mweusi anaingia ku kazi, jioni anarudi. Ku biro babu aliandika barua nzuri ambazo Mzungu alitia sahihi. Aliitwa «tu», hata na kijana aliyeweza kumzaa. Lumumba, ambaye naye alikuwa karani wa posta mu Stanleyville, hakusahau ile «tu»: tarehe 30 mwezi wa sita 1960 aliitaja mbele ya mfalme wa Wabelgiji. Na siku ile, mu nchi nzima, Wakongomani wenye diplome ya chuo kikuu hawakufika hata 30.

Lakini kile babu alichoeleza mara nyingi zaidi hakikuwa cha biro, kilikuwa cha nyumba. Wabelgiji waliweka karata ya sifa ya raia mwaka 1948, kisha mwaka 1952 wakaweka ile inayoitwa immatriculation, kwa Weusi walioonekana wameendelea, wale maevolue. Ili uipate, watu wa serikali wanakuja nyumbani kwako kukupima. Babu aliomba karata. Siku ya wageni, bibi aliazima kitambaa cha meza kwa jirani. Wakaangalia sahani, wakaangalia kitanda, wakaangalia choo, wakauliza kama mke anakula meza moja na bwana. Watoto walikaa kimya, wamevaa viatu ndani ya nyumba. Babu hakupata karata. Alisema hakuumia sana juu ya karata. Aliumia kwa sababu biro ilikuwa imeingia mpaka chumbani, na hakuwa tena na mahali pa kuvua uso wa kazi.

Nilipofika pale, nikampigia Yaya simu. Kwanza nikaomba msamaha. Nikamwambia: nilikuita mvivu, kumbe ulikuwa unaniambia kitu ambacho babu alituambia tukiwa watoto, na sikukitambua.

Akacheka. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Mu ile miaka tatu, kitu kimoja tu kilimsumbua: mkubwa wake kumwambia kila mara afungue kamera. Jikoni kwake kulionekana, mtoto akipita alionekana. Siku moja mwenzake akauliza ni nini ile inapikwa nyuma, na wengine wakacheka. Ilikuwa sombe. Kutoka siku ile akawa anakaa mbele ya ukuta mweupe, uso kwa uso na kamera, mgongo kwa ukuta. «Nilimkumbuka bibi na kitambaa chake,» akasema.

Njo pale nilielewa. Pazia la 1913, picha ya 1914, wageni wa babu, kamera ya Yaya: swali liko moja. Nani ana haki ya kumwangalia nani, kumpima, kumweka mahali? Nyumba ilimpa Yaya raha kwa sababu kwa mara ya kwanza ni yeye aliyekuwa anashika ufunguo. Siku barua ilipokuja, kilichomwumiza si njia ya kwenda ku kazi. Ni kuambiwa arudishe ufunguo, bila kuulizwa, na bila mtu kusema kama kule biro kuna kitu kimebadilika.

Mwisho wa habari yake ni wa kawaida. Hakuacha kazi, juu kodi ya nyumba haingoji historia. Aliandika barua kwa wakubwa, akaweka hesabu ya kazi yake ya miaka tatu, akaomba siku mbili za nyumbani. Walimpa moja. Anaenda siku nne. Siku ya kwanza ya kurudi alisuka nywele vile anapenda, na akaweka mezani kibao chenye jina lake lote, herufi zote. Ananiambia watu wawili wamejifunza kulitamka. Wengine bado.

Na sisi huku? Nisingependa mtu amalize kusoma akisema «Wazungu ni wabaya» na kwenda kulala. Kati yetu kuna wale watakaopata kiti, siku moja watakuwa wakubwa wa biro. Mimi mwenyewe, wakati wa staji, tulikuwa na mwenzetu aliyetoka mbali, Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao. Tulimcheka kila asubuhi, tukamwita kwa jina la kabila lake badala ya jina lake. Baada ya miezi miwili akaacha kuja. Tukasema ni mvivu.

Sikumbuki kama kuna mtu alimpigia simu. Mimi sikumpigia. Namba yake ningali nayo, na nikimaliza kuandika haya nitaijaribu.